MSITU WA BUGWE WANGOJA MLINZI NA MGENI

Afikaye Majanji kwa mara ya kwanza hulitazama ziwa, wala haoni haja ya kutazama kwingine. Maji yametanda mpaka macho yakachoka. Mashariki ni Kenya, na kusini-magharibi ndiko viliko visiwa vya Sigulu. Mwaloni mitumbwi imepangwa safu kwa safu kama askari wa gwaride, akina mama wanaanika mukene, na moshi wa samaki wanaobanikwa wapanda taratibu tangu alfajiri. Mtu akimwambia mgeni huyo kwamba uhai wa mwalo huu hutegemea msitu, huenda akadhani anafanyiwa mzaha.

Mimi nami nalidhani hivyo, hata siku moja nikamwuliza mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, mbona kazi yake imepungua.

"Mwanangu Afande," akanijibu, huku akipapasa ubao kwa kiganja, "mtumbwi ni mti ulioingia majini. Zamani mvule tuliukuta hapa hapa. Leo ubao huja kwa lori, na mwenye lori ndiye apangaye bei. Siku mti utakapokwisha huko utokako, sisi tutavua kwa kuogelea?"

Maneno yake yalinifungua macho. Si mtumbwi peke yake uutakao mti. Mukene hukaushwa kwa jua, lakini mputa ni samaki mwenye mafuta mengi. Jua halimkaushi vema, naye hana budi kubanikwa kwa moshi au kukaangwa. Tangu samaki huyo alipozidi kwa wingi katika Ziwa Viktoria, katika miaka ya 1980, haja ya kuni katika mialo yote ilizidi pamoja naye. Kwa hiyo kila kikapu cha mputa wa kubanikwa kitokacho Majanji kimebeba ndani yake kipande cha msitu ambacho mnunuzi hakioni.

Nilipopata siku chache za likizo, badala ya kwenda kuzimaliza mjini, niliamua kwenda kuutazama msitu wa hifadhi ulio katika wilaya yetu hii ya Busia, nao ni Msitu wa Bugwe Magharibi, ambao wasafiri wengi huuita Msitu wa Busitema. Niliyoyaona huko ndiyo ninayotaka kuwasimulia askari wenzangu na ndugu zetu wa polisi, maana habari hii yatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

MSITU UPITWAO NA WOTE

Nilipita Lumino, nikafika mji wa Busia, kisha nikaishika njia ya Busitema. Kila askari aliyepata kusafiri baina ya Jinja na mpaka wa Malaba ameupita msitu huu, kwa kuwa barabara kuu imeupasua. Lakini kupita siko kuona. Abiria huwaona nyani walioketi kandokando ya lami wakingoja ndizi za kutupiwa dirishani, na kabla hajamaliza kucheka, gari limekwisha tokea upande wa pili.

Msitu huu una eneo la kilomita za mraba 30 hivi, nao uko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Jirani yake ni Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007. Niliingia kwa miguu, asubuhi na mapema, nikiwa nimefuatana na mlinzi mmoja wa msitu. Hatua mia za kwanza zilinifurahisha. Hewa ilikuwa baridi, mitambaazi ilining'inia toka juu mpaka chini, tumbili walituchungulia na kukimbia, na sauti ya magari ikafifia nyuma yetu mpaka ikawa kama uvumi wa nyuki.

Ghafula mbele yetu pakawa na mwanga mkali. Tulikuwa tumefika mahali palipokatwa. Visiki vilisimama kila upande, na katikati palikuwa na duara jeusi, ardhi iliyoungua, isiyoota hata jani. Hapo ndipo palipokuwa tanuri la makaa.

Ndugu msomaji, yafaa tuielewe hesabu ya tanuri hilo. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya makaa hutokana na kilo tano mpaka kumi za mti. Sehemu kubwa ya mti hupotea hewani kuwa moshi. Basi lile gunia tulionalo limesimama kando ya barabara, limefunikwa majani na kufungwa kwa kamba, si gunia moja la mti. Ni magunia mengi yaliyokwisha angamia kabla halijafika barabarani.

Mlinzi akainama kwenye kisiki kimoja, akanionyesha machipukizi mabichi yaliyokuwa yametoka ubavuni mwake. "Huu haujafa, Afande," akasema. "Ukiachwa, utakuwa mti tena. Shida ni kwamba hauachwi."

JERAHA LILIANZA LINI

Haifai kuwalaumu wakata makaa wa leo tu, kana kwamba jambo hili lilianza jana. Mwaka 1975, wakati wa utawala wa Idi Amin, serikali ilitangaza kampeni ya kuzidisha mazao maradufu. Watu walihimizwa wasiache ardhi tupu, na wengi wakafahamu kwamba hata misitu ya hifadhi ni ardhi tupu inayongoja jembe. Misitu mingi katika nchi yetu ikaingiwa. Ikafuata miaka ya vita na misukosuko, ambamo mlinzi wa msitu hakuwa na mshahara wa kumtosha wala gari la kumfikisha kazini. Mipaka ya misitu ilibaki katika ramani, lakini mashinani watu walikuwa wamekwisha isahau.

Matokeo yake yanajulikana. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba mwaka 1990 misitu ilifunika asilimia 24 ya ardhi ya Uganda. Kufikia mwaka 2015 ilikuwa imebaki asilimia 9 tu. Katika robo karne, zaidi ya nusu ya misitu yetu ilitoweka, na nchi haikuwa na adui wa kigeni aliyevuka mpaka kuja kuichukua.

Kadhalika idadi ya watu imeongezeka, na mashamba yamegawanywa baina ya ndugu mpaka mengine hayatoshi chakula cha nyumba moja. Mtu asiye na shamba huutazama msitu kwa jicho la njaa. Askari anayetumwa kulinda msitu asipoyafahamu haya, ataifanya kazi yake kwa nguvu nyingi na kwa faida kidogo.

MZIGO WA KUNI NA LORI LA MAKAA

Hapa sina budi kukiri jambo la aibu. Miaka kadhaa iliyopita, katika sehemu nyingine ya nchi ambayo sitaitaja, nilikuwa nimepita katika kizuizi kimoja cha barabarani. Nikamkuta bibi kizee ameketishwa chini pembeni, na mzigo wake wa kuni kavu umewekwa mbele yake kama kielelezo cha ushahidi. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi. Akaniita kwa sauti ya unyonge: "Mjukuu wangu, niombee kwa wenzako, nimewaacha watoto peke yao."

Kabla sijamjibu, likafika lori limefunikwa turubai. Dereva akashuka, akazungumza maneno mawili matatu faraghani, na kizuizi kikainuliwa. Lori likapita, likimwaga vumbi jeusi barabarani. Kila mtu pale alijua limebeba nini. Mimi nami nilijua, nikanyamaza. Na zaidi ya kunyamaza, jioni ile ile nilinunua gunia la makaa kando ya njia, kwa kuwa bei ilikuwa nafuu, nikalipakia katika gari nikaenda nalo nyumbani. Yule bibi aliachiliwa jua lilipokuwa linazama, bila ya kuni zake.

Nimelikumbuka jambo lile mara nyingi, hasa baada ya kuisoma sheria. Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 yakataza kukata mti, kulima, kulisha mifugo au kuchoma makaa katika msitu wa hifadhi bila ya ruhusa. Walakini sheria hiyo hiyo yamruhusu mwananchi akaaye jirani na msitu kuchukua kuni kavu kwa kiasi cha kufaa matumizi ya nyumbani kwake. Kwa maneno mengine, siku ile tulimkamata ambaye sheria ilimpa haki, tukampisha ambaye yaelekea sheria ilimkataza.

Sheria hiyo yaruhusu pia wanakijiji kufanya mkataba na Mamlaka ya Misitu, wakaushirikiana ulinzi wa msitu na kupata faida zake: kufuga nyuki, kuchuma dawa, kuokota kuni, na kupanda miti katika sehemu iliyopangwa. Mwanakijiji aliye na mizinga yake msituni humwona mchoma makaa kuwa mwizi wake mwenyewe, wala hangoji askari afike ndipo apige kelele.

Sisi wa jeshi tumekwisha pata somo la namna hii hapa hapa ziwani. Tangu mwaka 2017 jeshi lilitumwa kulinda uvuvi katika Ziwa Viktoria. Nyavu haramu zilikamatwa, na samaki wakubwa wakaanza kuonekana tena. Lakini malalamiko nayo yalisikika, mialoni na hata bungeni, juu ya vipigo na mitumbwi iliyochomwa moto. Askari mwenye akili hawezi kuziba masikio. Ulinzi unaowafanya wenyeji kuwa maadui ni ulinzi wa muda tu; askari akigeuza kisogo, kila kitu hurudi kilipokuwa.

SOMO LA KARURA

Huenda msomaji akauliza: je, msitu uliokwisha jeruhiwa kiasi hiki waweza kupona kweli? Tutazame kwa jirani zetu wa Kenya. Ndani ya jiji la Nairobi uko Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,000, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu huo ziligawiwa watu binafsi wapate kujenga. Profesa Wangari Maathai na wenzake wakapinga. Tarehe 8 Januari 1999 walipokwenda kupanda miti, walishambuliwa na kundi la walinzi waliokodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Kelele za nchi nzima zikafuata, na mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi za umma. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Lakini msitu haukupona kwa sababu mabepari wa ardhi walizuiwa tu. Kwa miaka mingi baadaye Karura ulikuwa pango la wanyang'anyi. Mwanamke hakuthubutu kuukatiza, na maiti ziliokotwa humo. Mwaka 2009 ikaundwa jumuiya ya marafiki wa msitu, ikafanya kazi pamoja na Idara ya Misitu ya Kenya. Uzio wa umeme ukazungushwa. Vijana wa kijiji cha Huruma, kilicho ukingoni mwa msitu, hawakufukuzwa. Baadhi yao waliajiriwa kuwa maskauti, wakafunzwa kazi, wakavaa sare. Mikalitusi na magugu ya kigeni yakaanza kuondolewa kidogo kidogo, na miti ya asili ikapandwa mahali pake. Hata mbega, wale kima weusi wenye manyoya meupe, waliletwa wakae humo.

Mwaka 2011 malango yakafunguliwa kwa umma, na watu wakaja: wanaotembea, wanaokimbia, wanaoendesha baiskeli, na watoto wa shule waliokwenda kutazama maporomoko na mapango. Msitu uliokuwa ukikimbiwa mchana ukawa mahali pa familia nzima. Ndugu zangu wa polisi watalifahamu jambo hili upesi kuliko mwingine yeyote: jambazi hapendi mahali penye watu wema wengi. Mgeni alipaye kiingilio huwa mlinzi pasipo kujijua. Macho yake ni doria isiyolipwa mshahara.

Wala tusidhani kwamba mambo ya namna hii ni ya Nairobi tu. Hapa kwetu Uganda faru walikwisha kabisa kufikia mwaka 1983, wameuawa na majangili na watu wenye bunduki wa nyakati zile za vita. Mwaka 2005 na 2006 faru sita waliletwa Ziwa, katika wilaya ya Nakasongola, wanne kutoka Kenya na wawili kutoka Marekani. Walinzi wakakaa nao usiku na mchana, mvua na jua. Wageni huongozwa kwa miguu kwenda kuwatazama, na fedha zao husaidia kulipa gharama za ulinzi. Leo faru wa hapo wamepita 40. Kilichoangamizwa na bunduki kimerudishwa na mlinzi mwaminifu.

MVULE HAUKUI PEKE YAKE

Wengi wetu tukisikia habari ya kurudisha msitu hufikiri sherehe: mgeni wa heshima, koleo jipya, mche mmoja, makofi na picha. Sherehe haina ubaya, lakini msitu haurudi kwa makofi. Mlinzi yule wa Bugwe alinieleza kwamba kazi ya kwanza ni kuuacha msitu upumzike. Shoka, moto na ng'ombe vikizuiwa, visiki huchipua, na mbegu zilizolala ardhini huamka zenyewe. Kazi ya pili ni kung'oa magugu yanayoisonga miche michanga. Kazi ya tatu ndiyo kupanda, tena kupanda pale tu ambapo msitu hauna mbegu zake mwenyewe.

Mvule, ule mti aliouulizia mzee wa Majanji, watupa fundisho la pekee. Popo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu mbali wakiwa angani usiku. Lakini mtu akipanda mivule mitupu katika uwanja wa wazi, kidudu kidogo jamii ya chawa wa mimea huishambulia miche. Majani na vikonyo hufanya uvimbe, kisha huoza, na mche hudumaa au kufa. Mvule mchanga hufaulu zaidi ukichanganywa na miti mingine na kupata kivuli kidogo. Yaani huwezi kuupata mvule kwa kuupanda mvule tu. Sharti kwanza uwe na msitu. Askari atalifahamu fundisho hili bila ya kuelezwa sana, kwa sababu yeye pia hasimami imara nje ya kikosi chake.

TWENDENI TUKAUONE

Naomba basi tusiwe watu wa kupita tu. Askari aliye likizoni, au polisi mwenye siku yake ya mapumziko, na aufanye msitu wa karibu naye kuwa mahali pa kwenda na jamaa yake. Aende kwanza katika ofisi ya Mamlaka ya Misitu aombe ruhusa na mwongozaji. Aende bila ya silaha na bila ya sare, kama raia mwema. Aende asubuhi, wakati ndege wanalia na nyani hawajatawanyika. Asiwashe moto, asitupe mifuko ya plastiki, wala asiwatupie nyani chakula. Nyani aliyezoea kulishwa huihama miti yake, akakaa barabarani, na mwisho wake ni kugongwa na gari au kuwanyang'anya watoto vyakula. Awachukue wanawe, awaonyeshe mti uliosimama na kisiki kinachochipua, wajue tofauti.

Na tunaporudi kazini, tuyaangalie majiko yetu. Kambi na vituo vyetu hupika chakula kingi kila siku. Jiko bora lililojengwa kwa udongo au matofali hula kuni chache kuliko mafiga matatu, na shamba dogo la miti ya kuni nyuma ya kambi laweza kupunguza haja ya kununua. Haifai askari akamate makaa mchana, kisha ayanunue usiku.

Niliporejea Majanji nilimkuta yule mzee pale pale mwaloni, akiziba ufa wa mtumbwi wa zamani. Nikamsimulia habari za msitu, za machipukizi na za mvule. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Na malori, Afande, mmeyasimamisha?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nalileta swali lake kwenu, ndugu zangu mnaosimama usiku na mchana katika vizuizi vya barabara na katika mipaka ya nchi hii. Mzigo wa kuni kavu wa bibi kizee na uende salama nyumbani. Lori la makaa lisimame, turubai lifunuliwe, karatasi zisomwe, na sheria ifuate mkondo wake bila ya upendeleo wala bahasha. Tukifanya hivyo, visiki vya Bugwe vitajua kazi yao.